Kazini na Nyumbani: Natetea "Uwiano"

Kijitabu cha maofisa rasilimali watu kilichonifikia karibuni kimechapa, kwa herufi nene, istilahi "usawa wa kazi na maisha". Kurasa chache mbele istilahi hiyohiyo imegeuka "mizani ya maisha na kazi", bila neno la maelezo. Walioitunga wanajua Kiingereza, hilo sina shaka nalo, kwani maneno matatu ya Kiingereza, "work-life balance", yamehamishwa moja baada ya jingine bila kupungua hata moja. Kiswahili ndicho hakikuulizwa.

Nianze na "maisha", maana hapo ndipo pabaya zaidi. Kijana anayepanda basi Singida kwenda Dar es Salaam husema anakwenda kutafuta maisha, na kila abiria anaelewa kuwa anakwenda kutafuta kazi. Maisha yakipanda, kilichopanda ni bei ya unga. Kwetu kazi imo ndani ya maisha, na mara nyingi ndiyo maisha yenyewe. Muulize muuguzi kama kazi yake inaingilia maisha yake, naye atakujibu kuhusu mshahara. Mtafiti ataandika jibu hilo kwenye jedwali lake akidhani amepima jambo jingine kabisa.

"Usawa" nao una balaa lake. Sawa ya Kiarabu ni kulingana, ndiyo maana tuna usawa wa bahari na usawa wa kijinsia. Mitaani, "usawa huu" ni kipindi cha ukata wa fedha. Na hata kwa maana yake safi, nani ameuona usawa huo? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania, ya 2004, inampa mama likizo ya uzazi ya siku 84 na baba siku 3. Mtafiti anayechunguza nyumba yenye mgawanyo wa namna hiyo hawezi kubandika neno "usawa" juu ya hojaji yake.

"Mizani" naiheshimu zaidi, kwa sababu washairi wameilea. Shina lake ni lilelile lililotupa uzani, na katika shairi letu la kawaida mizani ni 16 kwa mshororo, 8 kila upande, basi. Ni neno la kuhesabu. Kuhesabu kulikuwa na haki yake: Robert Owen alidai saa 8 za kazi, 8 za burudani na 8 za kupumzika, na mkataba wa kwanza wa Shirika la Kazi Duniani, wa 1919, uliweka saa 8 kwa siku na 48 kwa wiki viwandani. Lakini utafiti haukuishia kwenye saa. Mwaka 1985, Wamarekani Jeffrey Greenhaus na Nicholas Beutell walieleza kuwa mgongano wa kazi na familia una vyanzo vitatu: muda, mkazo, na mwenendo. Muda ni kimoja tu kati ya vitatu. Ofisa aliyezoea kuamrisha akirudi nyumbani anaamrisha, hata kama amerudi saa 10 jioni. Utampima kwa mizani ipi? Tena Greenhaus na Gary Powell walionyesha mwaka 2006 kwamba sehemu hizi mbili huweza kunufaishana, stadi na furaha ya upande mmoja ikaongeza ubora wa upande wa pili. Kwenye mizani jambo hilo haliwezekani. Sahani moja ikishuka, nyingine sharti ipande.

Sasa "uwiano". Tazama neno hili lilivyoota ndani ya lugha yenyewe, bila kuazima popote. Kuna kitenzi "kuwa". Kinyambue, unapata "kuwia", kuwa kwa ajili ya mtu au kwa upande wake. Ndiyo "niwie radhi" tunayoitamka kila siku. Kuwia hukohuko kukabeba maana ya kudai haki yako: mdai akaitwa mwia, na anayedaiwa akawa anawiwa. Kitenzi hiki kingali hai. Waandishi "wanawiwa" kutoa shukrani katika dibaji zao, na Paulo, katika Biblia ya Kiswahili ya 1952, anatumia "nawiwa" anapowaambia Warumi deni alilonalo kwa watu wote. Ongeza kiambishi cha kutendana, unapata "kuwiana", na kutoka hapo "uwiano". Neno hili, nikilisikiliza vizuri, linasema juu ya pande mbili zinazodaiana na kulipana. Watu wa hisabati wamelichukua, sikatai, nao wanajua kuwa 3 kwa 1 ni uwiano pia. Kazini ni hivyohivyo: Juni, mwaka wa fedha unapofungwa, ofisi inadai zaidi. Ikija kulipa baadaye, uwiano upo.

Upande wa pili wa istilahi uwe "kazini na nyumbani", kwa kiambishi cha mahali. Sue Campbell Clark, katika nadharia yake ya mipaka ya mwaka 2000, anawaona wafanyakazi kama watu wanaovuka mpaka kila siku kati ya sehemu hizi mbili, na "-ni" yetu inabeba wazo hilo bila kutunga lolote. Kuna mwenzangu aliyependekeza "kazi na unyumba". Namheshimu, ila kila mtu mzima anajua unyumba ni nini, na neno hilo halifai kwenye hojaji. Wengine wanasema nyumbani ni padogo mno. Si kweli. Mtu wa Lindi anayeishi Mwanza akisema kuna msiba nyumbani, hazungumzii chumba alichopanga.

Hoja hizi nimezitoa kwa maandishi. Mhariri mmoja alipokea makala yangu, akafuta "uwiano" kila mahali na kuweka "usawa", jina langu likabaki juu yake. Nilipolalamika niliambiwa kamati ya istilahi imeshapitisha neno hilo. Sababu za kamati nimeziomba, sijapewa.

Matumizi si magumu: uwiano wa kazini na nyumbani; ukivunjika, mgongano wa kazini na nyumbani; pande zikifaidiana, unufaishano. Na swali la hojaji liwe: ni nini unachowiwa nyumbani ambacho kazi inakuzuia kukitoa?