Shule moja, majeshi mawili

  Leo tutatembea mbali. Tutaingia katika shule ya maofisa wa jeshi, lakini bila silaha. Tutaingia kama watalii, kwa kuangalia na kujifunza.

Shule hiyo inaitwa West Point. Iko Marekani, kando ya mto Hudson, karibu kilometa 80 kaskazini ya mji wa New York. Ilianzishwa mwaka 1802, na mpaka leo inafundisha maofisa. Kwa kuwa ni kambi ya jeshi, mgeni haingii ovyo. Anaonyesha karatasi zake, anapanda basi, na kiongozi wa wageni anamtembeza.

Utafikishwa mahali panapoitwa Trophy Point, palipo juu ya mto. Hapo wameweka vipande vya mnyororo mnene wa chuma. Mwaka 1778, Wamarekani walipokuwa wakipigania uhuru wao, waliutandika mnyororo huo toka ng'ambo moja hadi ya pili ili meli za Waingereza zisipite. Mtalii anapiga picha, anafurahi.

Lakini ugeuke kidogo. Utaona nguzo ndefu ya jiwe, iliyozinduliwa mwaka 1897. Majina 2,230 ya maofisa na askari waliokufa yameandikwa pale. Waliuawa na nani? Siyo na Waingereza. Waliuawa na Wamarekani wenzao.

Vita hivyo vilianza mwaka 1861. Majimbo ya kusini yalijitenga na serikali, kwa sababu yalitaka kulinda utumwa. Watu weusi karibu milioni 4 walikuwa watumwa, wakinunuliwa na kuuzwa kama mbuzi sokoni. Basi maofisa wa West Point wakagawanyika. Waliokula meza moja na kuapa mbele ya bendera moja wakaenda kutafutana kwa bunduki. Katika mapigano makubwa 60 ya vita vile, 55 yaliongozwa pande zote mbili na watu waliosoma shule hiyo. Walijuana kwa majina. Na zaidi ya watu 600,000 wakafa.

Ndugu msikilizaji, wengine husema: tukisoma pamoja, hatutapigana. Elimu ni kitu chema, lakini West Point inatuonyesha kwamba shule peke yake haizuii vita, kama jambo lenye kugombanisha watu limeachwa bila kutengenezwa.

Tuangalie sasa namna walivyomaliza. Tarehe 9 Aprili 1865, majenerali wawili walikutana katika nyumba ya raia mmoja, kijijini Appomattox, katika jimbo la Virginia. Robert E. Lee wa kusini alimaliza West Point mwaka 1829, na baadaye akawa mkubwa wa shule hiyo. Ulysses S. Grant wa kaskazini alimaliza mwaka 1843. Lee alikuwa ameshindwa. Grant angeweza kumfedhehesha. Hakufanya hivyo. Aliwaruhusu askari wa Lee warudi nyumbani bila kufungwa. Aliyekuwa na farasi wake akaenda naye, apate kulima, maana msimu wa kupanda ulikuwa umefika. Waliokuwa na njaa walipewa chakula cha watu 25,000. Na askari wa Grant walipoanza kupiga mizinga kwa furaha, aliwaamuru waache.

Hilo ni jambo la kusifu. Mwenye nguvu akijua kujizuia, damu nyingi inaokolewa.

Lakini nawaomba tuingie tena katika nyumba ile na kuhesabu viti. Ni nani hakuketi pale? Mtu mweusi, ambaye vita vilipiganwa juu ya uhuru wake, hakuwa mezani. Ni kweli, mwezi wa Desemba mwaka ule ule utumwa ulifutwa katika katiba. Lakini angalia habari ya ardhi. Januari 1865, jenerali Sherman, naye mwanafunzi wa West Point, alitenga mashamba ya pwani kwa ajili ya watu waliotoka utumwani, kila jamaa hadi ekari 40. Maelfu walijenga na kulima. Kabla mwaka haujaisha, raisi mpya, Andrew Johnson, aliamuru ardhi irudishwe kwa mabwana wa zamani. Waliopanda wakafukuzwa.

Na shuleni? Kijana mmoja, Henry O. Flipper, aliyezaliwa mtumwa, aliingia West Point mwaka 1873. Kwa miaka minne wenzake weupe karibu wote walikataa kuzungumza naye. Alivumilia, na mwaka 1877 akawa mtu mweusi wa kwanza kumaliza shule hiyo. Mwaka 1882 alifukuzwa jeshini. Alikufa mwaka 1940. Raisi Clinton alimpa msamaha mwaka 1999, karibu miaka 59 baada ya kifo chake. Siku hizi shule hiyo inatoa zawadi kila mwaka kwa jina lake. Lakini msamaha ule, yeye hakuusikia.

Wapendwa, amani ni mbili. Ya kwanza ni ya wakubwa: wanatia sahihi, bunduki zinanyamaza. Tunaihitaji, na sisi tumeiona mara nyingi: Lusaka mwaka 1999, Pretoria 2002, Goma 2008, Nairobi 2013. Ya pili ni ya shamba, ya kisima, ya salamu kati ya majirani. Hii haishuki na ndege kutoka mkutanoni. Sherti itengenezwe kijijini, na mwenye kuumia akiwa ameketi mezani.

Wewe chifu, shamba la aliyekimbia usiliuze. Liandike, uite mashahidi, ulitunze mpaka arudi. Wewe mama uliye kambini, sema jina la kijiji chako na mipaka ya shamba lako, watoto wako wasikie na kushika. Na wewe uliyebaki, mwenzako akirudi, mpe salamu. Kunyamaziana kama walivyomfanyia Flipper ni vita visivyo na risasi.

Kwa kuzungumza katika vikundi:
1. Katika mikutano ya amani ya kwetu, ni nani hajapewa kiti?
2. Ni jambo gani tumeliacha bila kutengeneza, ambalo linaweza kuwagombanisha watoto waliosoma darasa moja?
3. Anayerudi akikuta mtu mwingine katika shamba lake, tumwite nani kwanza?