Nani Anashika Mizani ya Pamba?

Kwa kazi yangu ya uandishi wa habari nimesoma mipango mkakati mingi ya zao la pamba. Karibu yote huanza na marobota: mwaka huu tumepata haya, tufike kule. Neno "jumuishi" huja baadaye, limebanwa kwenye kurasa za mwisho. Ukiifuata historia ya pamba Tanzania, utaona mpangilio huo umegeuzwa.

Mpango mkubwa wa mwanzo ulikuwa wa Wajerumani. Serikali ya Gavana Götzen iliamuru mashamba ya pamba ya pamoja, na majumbe wakatakiwa kutoa watu wa kulima. Malipo yalikuwa ya kudharauliwa; wapo waliokataa hata kuyapokea. Julai 1905, huko Nandete katika vilima vya Umatumbi, watu waling'oa miche ya pamba. Vita vya Majimaji vikaanza.

Karibu nusu karne baadaye, Usukumani, pamba hiyohiyo ilikuwa inapendwa. Wakulima walikuwa wanaitaka. Ila walikuwa na ugomvi na mizani. Unabeba pamba yako hadi kwa mnunuzi, yeye ndiye anayesoma mshale, yeye ndiye anayekwambia umepata ratili ngapi. Basi wakaanza kuweka watu wao wa kupima. Paul Bomani, kijana wa miaka ishirini na kitu, akazunguka vijijini kuwaunganisha, na mwaka 1955 ikazaliwa Victoria Federation of Co-operative Unions. Ikamiliki vinu vyake vya kuchambulia pamba, na tulipopata uhuru ndiyo iliyokuwa ikiuza pamba ya Kanda ya Ziwa. Haikuanza na lengo la marobota. Ilianza na mtu wa kusoma mshale.

Tusiupambe sana, lakini. Akina mama walipalilia na kuvuna, huku kitabu cha mauzo mara nyingi kikiandikwa jina la baba. Viongozi nao walijisahau, malalamiko yakazidi mpaka 1966 Rais akaunda kamati ya kuchunguza vyama vya ushirika. Dawa iliyotolewa baadaye ilikuwa kali kuliko ugonjwa: mwaka 1976 vyama vikuu vikafutwa, pamba ikakabidhiwa mamlaka ya serikali. Mkulima akarudi kule kwa zamani, anasimama pembeni anasomewa mshale, safari hii na mtumishi wa umma, tena fedha zake zinachelewa.

Soko huria la 1994 lilileta wanunuzi wengi na mizani nyingi. Huyu anachezea mizani, yule anatia maji na mchanga kwenye pamba, na kila mmoja anajua mwenzake anafanya nini.

Sasa pamba imerudishwa kuuzwa kupitia vyama vya msingi. Mpango mpya ukitoka, mimi nitatafuta kwanza mambo mawili: karani wa mizani anachaguliwa na nani, na mama aliyevuna analipwa kwa jina la nani.