Hali ya kiuchumi ya Wahindi na Wapakistani wa Uingereza

Wahindi wa Uingereza na Wapakistani wa Uingereza ni jamii mbili kubwa za wakazi wa Uingereza wenye asili ya Asia ya Kusini. Kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2021, England na Wales zilikuwa na Wahindi takriban milioni 1.86 (asilimia 3.1 ya wakazi wote) na Wapakistani takriban milioni 1.59 (asilimia 2.7). Wengi wao ni watoto au wajukuu wa watu waliohamia huko baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia.

Jamii hizi zimetoka katika eneo ambalo hadi Agosti 1947 lilikuwa koloni moja la Waingereza, na zilianza kuhamia katika miaka ileile chini ya sheria zilezile. Hata hivyo hali zao za kiuchumi leo ni tofauti sana. Kwa wastani Wahindi wana mishahara inayozidi ile ya Waingereza weupe, wakati Wapakistani ni miongoni mwa jamii zenye umaskini mkubwa nchini. Tofauti hiyo mara nyingi huelezwa kwa tabia, bidii au dini ya watu. Historia ya uhamiaji inaonyesha sababu nyingine: mahali walipotoka, elimu na ujuzi waliofika nao, na hasa aina ya kiwanda na mji uliowapokea.

Majina

Katika makala hii "Wahindi" ni watu wenye asili ya nchi ya Uhindi, wawe wa dini yoyote. Neno hilo lisichanganywe na "Wahindu", yaani wafuasi wa dini ya Uhindu. Kati ya Wahindi wa Uingereza karibu nusu ni Wahindu, zaidi ya mmoja kwa watano ni Masingasinga, na wengine ni Waislamu na Wakristo. Kati ya Wapakistani, zaidi ya asilimia 90 ni Waislamu.

Historia ya uhamiaji

Sheria ya uraia ya mwaka 1948 iliwapa watu wa makoloni na wa nchi za Jumuiya ya Madola haki ya kuingia Uingereza na kufanya kazi. Nchi ilikuwa inajijenga upya baada ya vita na ilikosa wafanyakazi. Haki hiyo ilipunguzwa kwa sheria za mwaka 1962, 1968 na 1971, na baada ya hapo wahamiaji wengi kutoka Asia ya Kusini walikuwa wake na watoto waliowafuata waume na baba zao.

Wahindi

Wahindi walifika kwa njia kuu tatu. Kundi la kwanza lilikuwa la wakulima wa Punjab, wengi wao Masingasinga, waliokwenda kufanya kazi katika viwanda vya kuyeyusha chuma vya Birmingham na Wolverhampton, na katika viwanda vya Southall, magharibi mwa London, karibu na uwanja wa ndege wa Heathrow. Kundi la pili lilikuwa la madaktari na wataalamu wengine waliosoma vyuo vikuu vya Uhindi na kuajiriwa katika huduma ya afya ya taifa. Kundi la tatu lilitoka Afrika Mashariki.

Njia ya Afrika Mashariki

Wahindi wa Afrika Mashariki walikuwa wahamiaji kwa mara ya pili. Baadhi ya wazee wao waliletwa kujenga reli ya Uganda kuanzia mwaka 1896, ingawa wengi zaidi walikuja wenyewe kufanya biashara, hasa kutoka Gujarat na Punjab. Chini ya ukoloni walikaa katikati: chini ya Wazungu, juu ya Waafrika. Hawakuruhusiwa kumiliki ardhi katika nyanda za juu za Kenya, lakini walishika sehemu kubwa ya maduka, ukarani, ufundi na ualimu katika shule zao.

Baada ya uhuru, serikali mpya zilitaka kuwapa Waafrika nafasi katika biashara na utumishi. Nchini Kenya, sheria za mwaka 1967 ziliwabana wasio raia katika ajira na leseni za biashara. Maelfu waliokuwa na pasipoti za Kiingereza wakaondoka kwa haraka, na Bunge la Uingereza likapitisha sheria ya mwaka 1968 kuwazuia wale ambao hawakuwa na mzazi, babu au bibi wa Kiingereza. Mnamo Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 kuondoka. Zaidi ya 27,000 walipokelewa Uingereza. Halmashauri ya mji wa Leicester ilitoa tangazo katika gazeti la Uganda Argus ikiwasihi wasiende mjini humo. Wengi walikwenda hata hivyo, kwa kuwa walikuwa na ndugu huko.

Watu hao walifika karibu mikono mitupu, kwa sababu maduka, nyumba na akiba zao zilibaki Uganda. Lakini walikuwa na vitu visivyoweza kunyang'anywa mpakani. Wengi walijua Kiingereza, walikuwa wamesoma sekondari, walizoea kuweka hesabu za duka, na walikuwa na jamaa wa kukopeshana mtaji. Tena walihama wakiwa familia nzima, na wanawake wao waliingia kazini mapema. Wengi wao walianza chini kabisa. Mgomo wa wafanyakazi wa kiwanda cha Imperial Typewriters mjini Leicester mwaka 1974 uliongozwa na Waasia, wengi wao kutoka Afrika Mashariki. Mgomo wa Grunwick jijini London (1976–1978) uliongozwa na Jayaben Desai, mzaliwa wa Gujarat aliyewahi kuishi Tanganyika.

Wapakistani

Sehemu kubwa ya Wapakistani wa Uingereza imetoka wilaya ya Mirpur katika Azad Kashmir, eneo la vijiji na mashamba madogo. Wanaume wa huko walikuwa wamezoea kufanya kazi ya kutia makaa katika meli za Waingereza, na baadhi yao walibaki Uingereza. Uhamiaji uliongezeka baada ya ujenzi wa bwawa la Mangla (1961–1967), lililofunika mji wa zamani wa Mirpur na vijiji vingi. Zaidi ya watu 100,000 walihamishwa, na baadhi yao walipewa vibali vya kwenda kufanya kazi Uingereza.

Wengi waliajiriwa katika viwanda vya nguo vya kaskazini mwa England: Bradford, Oldham, Rochdale, Blackburn na Burnley. Wenye viwanda walikuwa wamenunua mashine mpya ambazo zilileta faida endapo tu zingefanya kazi mchana na usiku. Sheria iliwawekea wanawake mipaka ya kufanya kazi usiku, na wanaume wa Kiingereza waliikwepa zamu hiyo kwa ujira uliotolewa. Hivyo zamu ya usiku ikawa ya Wapakistani. Walifanya kazi pamoja na watu wa kijiji kimoja, wakaishi pamoja, na hawakuwa na haja kubwa wala muda wa kujifunza Kiingereza. Wengi walikusudia kurudi nyumbani baada ya miaka michache, hivyo walituma fedha Mirpur badala ya kuziwekeza Uingereza.

Katika miaka ya 1970 na 1980 viwanda hivyo vilifungwa kimoja baada ya kingine kwa kushindwa na nguo za bei nafuu kutoka ng'ambo. Wapakistani wa kaskazini walipoteza ajira kwa wingi wakati ambapo mji mzima ulikuwa hauna ajira nyingine. Wengi waliingia katika udereva wa teksi, maduka madogo na uuzaji wa vyakula vilivyopikwa.

Ulinganisho wa hali ya sasa

Mishahara. Takwimu za serikali za mwaka 2018 zilionyesha mshahara wa kati kwa saa, yaani kiwango ambacho nusu ya wafanyakazi hupata zaidi yake na nusu hupata pungufu. Kwa Wahindi ulikuwa pauni 13.47, kwa Waingereza weupe pauni 12.03, na kwa Wapakistani takriban pauni 10.

Ajira. Kiwango cha ajira cha Wahindi kinakaribiana na kile cha Waingereza weupe, na takriban mfanyakazi mmoja kati ya watatu yuko katika kazi za kitaalamu kama vile udaktari, ufamasia, uhasibu na kompyuta. Kwa Wapakistani kiwango cha ajira ni cha chini, hasa kwa sababu wanawake wengi hawana kazi ya mshahara. Mnamo 2018, kati ya wanawake wa Kipakistani na Kibangladeshi wakihesabiwa pamoja, ni wanne hivi tu kati ya kumi waliokuwa na ajira. Aidha, takriban mfanyakazi mmoja kwa watano wa jamii hizo mbili alikuwa amejiajiri, mara nyingi katika kazi zenye kipato kidogo kisicho na uhakika.

Makazi. Katika miaka ya 2016–2018 asilimia 74 ya kaya za Wahindi wa England ziliishi katika nyumba walizomiliki, kulinganisha na asilimia 68 za Waingereza weupe na asilimia 58 za Wapakistani. Kumiliki nyumba hakuna maana moja kila mahali. Bei ya nyumba ya Harrow, London, ambako Wahindi ni wengi, hupita ile ya nyumba ya Burnley mara kadhaa. Kwa hiyo familia mbili zilizonunua nyumba katika miaka ya 1970 zinaweza leo kuwa na utajiri usiolingana hata kidogo, ingawa zote mbili zilijinyima vilevile kulipa mkopo.

Umaskini. Karibu nusu ya Wapakistani huishi katika kaya zenye kipato cha chini baada ya kulipia makazi. Kwa Wahindi ni takriban robo. Mnamo 2019 asilimia 31 ya Wapakistani wa England waliishi katika asilimia 10 ya mitaa yenye dhiki kubwa zaidi. Kwa Wahindi walikuwa chini ya asilimia 10.

Sababu za tofauti

Sababu ya kwanza ni elimu na ujuzi wa kizazi cha kwanza. Mtoto wa mfamasia na mtoto wa mfanyakazi wa zamu ya usiku walianza shule moja siku moja, lakini hawakuwa na msaada uleule nyumbani.

Sababu ya pili ni mahali. Uchumi wa London na miji ya jirani uligeuka kutoka viwanda kwenda huduma, na ajira mpya zikapatikana. Miji ya nguo ya kaskazini haikupata mbadala wa namna hiyo.

Sababu ya tatu ni muundo wa kaya. Kaya za Wapakistani kwa wastani ni kubwa zaidi na nyingi hutegemea mshahara mmoja. Mishahara miwili midogo huweza kuitoa familia katika umaskini, lakini mshahara mmoja wa dereva ni vigumu kufanya hivyo.

Sababu ya nne ni ubaguzi. Watafiti wa Chuo cha Nuffield, Oxford, walituma maombi ya kazi zaidi ya 3,000 ya watu wa kubuni wenye sifa sawa, wakabadilisha majina yanayoonyesha asili. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2019 yalionyesha kuwa mwombaji mwenye jina la Kipakistani alihitaji kutuma maombi takriban asilimia 70 zaidi ili ajibiwe sawa na Mwingereza mweupe.

Sababu ya tano ni uhamiaji mpya. Katika miaka ya karibuni Uhindi imekuwa ikipeleka Uingereza wataalamu wengi wa kompyuta, madaktari na wauguzi. Hao hupandisha wastani wa Wahindi wote, ingawa si watoto wa waliofika miaka ya 1950.

Tofauti ndani ya kila jamii

Wastani huficha mengi. Waislamu wa Kihindi kutoka Gujarat waliokwenda Blackburn, Bolton na Batley waliingia katika viwanda vilevile vya nguo pamoja na Wapakistani, na miji hiyo ilipodidimia walipata shida zilezile. Kwa upande mwingine, Wagujarati Waislamu waliopitia Afrika Mashariki, wakiwemo Waismaili, wamefanikiwa kwa namna inayofanana na Wahindu waliosafiri nao. Mifano hii inadhihirisha kwamba pasipoti ya Uhindi au dini peke yake haielezi tofauti hizo. Kinachoeleza zaidi ni njia iliyopitwa na kazi iliyopatikana.

Wapo pia Wapakistani waliotajirika. Anwar Pervez, aliyewahi kuwa kondakta wa basi Bradford, alianzisha mwaka 1976 kampuni ya biashara ya jumla ya Bestway, iliyokuja kuwa miongoni mwa makampuni makubwa ya aina hiyo nchini. Na wapo Wahindi maskini, hasa wazee na wafanyakazi wa viwanda vya kushona nguo vya Leicester, ambao husahaulika kwa sababu jamii yao husifiwa kuwa imefanikiwa.

Vizazi vipya

Tofauti kati ya jamii hizi inapungua zaidi shuleni kuliko kazini. Wanafunzi wa Kipakistani, ambao zamani walikuwa nyuma sana, sasa matokeo yao ya mtihani wa miaka 16 yanakaribiana na wastani wa nchi, na uwezekano wao wa kuingia chuo kikuu ni mkubwa kuliko wa Waingereza weupe. Wasichana wamesonga mbele haraka, na wanawake waliozaliwa Uingereza wenye shahada huajiriwa kwa kiwango kikubwa kuliko mama zao. Hata hivyo shahada hailipi sawa kwa wote, kwa kuwa wahitimu wa Kipakistani bado hupata kazi na mishahara pungufu ya wenzao.

Katika siasa jamii zote mbili zimefika ngazi za juu. Rishi Sunak, Waziri Mkuu tangu Oktoba 2022 hadi Julai 2024, ni mtoto wa daktari mzaliwa wa Kenya na mfamasia mzaliwa wa Tanganyika. Sadiq Khan, Meya wa London tangu 2016, na Sajid Javid, aliyekuwa Waziri wa Fedha mwaka 2019–2020, ni watoto wa madereva wa basi waliotoka Pakistan. Kazi za wazazi wao zinaakisi njia mbili ambazo jamii hizo ziliingilia Uingereza.

Tazama pia

Jumuiya ya Madola
Uhindi
Pakistan
Idi Amin
Leicester
Bradford