Mkunazini: Mtaa na Kanisa Lake

Mtaa wa Mkunazini, wenye pilikapilika nyingi katika Mji Mkongwe wa Unguja, waitwa kwa jina la mti. Jina hilo halitaji kwamba hapo palikuwa na soko la watumwa. Soko lilifungwa kwa mkataba ambao Sultani Barghash bin Said aliutia sahihi mwezi Juni 1873, na mwaka uo huo wamisionari wa Kianglikana wakaweka jiwe la msingi la kanisa.

Msimamizi wa ujenzi alikuwa Edward Steere, ambaye wanafunzi wa lugha humjua zaidi kwa kitabu chake cha mafunzo ya Kiswahili cha 1870. Nyumba za mawe za mji huo zilitawaliwa na boriti: chumba hakikuweza kupita upana ambao mti wa mkoko uliweza kuufikia. Steere alikikiuka kipimo hicho bila kuliacha jiwe la pwani. Matumbawe yalipondwa, yakachanganywa na saruji, na paa likajengwa kwa umbo la nusu pipa, pasipo boriti. Wapo waliotabiri kwamba litaporomoka. Limesimama hata leo, na Steere, aliyefariki 1882, amezikwa nyuma ya madhabahu.

Wageni huonyeshwa zaidi nguzo kadhaa zilizosimamishwa kichwa chini, na husimuliwa kwamba mafundi walikosea Steere alipokuwa safarini. Hucheka, hali paa lililo juu ya vichwa vyao ni kazi ya mafundi wale wale, ambao majina yao hayatajwi.