Jino la Kupandikizwa na Mgonjwa wa Sukari

Miezi michache iliyopita mama mmoja alitoka kuchukua dawa zake za sukari, akanijia amefunika mdomo kwa leso. "Sista, nasikia kuna meno yanayopandwa kwenye taya kama mche. Mtu wa sukari kama mimi anaweza kuwekewa?" Siku hiyo foleni ilikuwa ndefu, nikamjibu kwa kifupi. Leo nina nafasi.

Jino hili si lile la kuvua usiku na kutia kwenye kikombe cha maji. Ni skrubu ndogo ya madini ya titani inayotiwa ndani ya mfupa wa taya, kisha jino hufungwa juu yake.

Watu walijaribu jambo hili zamani sana. Mwaka 1931, huko Honduras, lilifukuliwa taya la mtu wa jamii ya Wamaya, la zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, likiwa na vipande vitatu vya kombe mahali pa meno ya mbele. Miaka mingi baadaye lilipigwa eksirei, ikaonekana mfupa ulikuwa umeota kuzunguka vipande hivyo. Maana yake alivitiwa akiwa hai. Hebu fikiria uchungu ule!

Tiba ya leo ilianza kwa bahati. Mwaka 1952 daktari wa Uswidi, Per-Ingvar Brånemark, alikuwa akichunguza mfupa wa sungura kwa kifaa cha titani. Alipotaka kukitoa akitumie tena, kikakataa. Mfupa ulikuwa umekishika. Mwaka 1965, mjini Gothenburg, alimwekea skrubu hizo mwanamume aliyezaliwa na kasoro ya taya, nazo zikamtumikia miaka 40 hivi, hadi alipofariki. Hata hivyo madaktari wengi walimtilia shaka, mpaka alipowaonyesha matokeo yake katika mkutano wa Toronto, Kanada, mwaka 1982.

Sasa turudi kwa yule mama. Mfupa huhitaji miezi kadhaa kuishika skrubu vizuri. Sukari ikikaa juu mwilini, kidonda hukawia kupona, vijidudu hupata nafasi, na mfupa hujijenga polepole. Ndiyo maana zamani wagonjwa wengi wa sukari waliambiwa hapana, basi. Baadaye madaktari waliwawekea wale ambao sukari yao imetulia, wakawafuatilia, na wakaona meno yao yanashika karibu sawa na ya watu wengine. Tangu hapo daktari makini hutaka kujua sukari yako imesimama wapi. Kipimo kinachomjibu ni kile cha damu kinachoonyesha wastani wa miezi miwili hadi mitatu iliyopita, na wengi hupenda kiwe karibu na asilimia 7. Kile cha kidole mtu anaweza kukidanganya kwa kujinyima chakula siku moja kabla ya kliniki. Mnajijua!

Mwenye presha iliyotulia naye hazuiwi, na anayemeza ARV vizuri hadi kinga yake ikapanda anaweza kufikiriwa. Anayetumia dawa ya kuzuia damu isigande aitaje, wala asiiache kwa uamuzi wake mwenyewe.

Kuna dawa nyingine ambazo hatari yake ilichelewa kujulikana. Mwaka 2003 daktari Robert Marx wa Miami, Marekani, aliandika juu ya wagonjwa 36 ambao mfupa wa taya ulikufa ukabaki wazi kinywani. Wote walikuwa wamepewa pamidronate au zoledronate, dawa za mifupa ambazo hutiwa mshipani, hasa kwa wagonjwa wa saratani. Kina nyanya wenye mifupa dhaifu hupewa vidonge vya jamii hiyo hiyo, ingawa kwa vidonge hatari ni ndogo zaidi.

Nilipata kumtembelea nyanya mmoja wa namna hii. Binti yake alimpeleka kung'olewa jino tu, wala si kupandikizwa, na hakuitaja ile sindano ya mshipani. Aliniambia, "Hiyo ni ya saratani, Sista, si ya meno." Kidonda kilikaa miezi bila kufunga, na chakula kikawa adhabu. Simlaumu. Mimi niliyekuwa nikienda pale kila wiki sikuwahi kumwambia. Tangu siku ile nawaomba watunzaji wabebe dawa zote za mgonjwa kwenye mfuko, hata chupa tupu, wazimwage mezani kwa daktari wa meno kabla hajashika koleo.

Bei ya jino la kupandikizwa ni kubwa, na meno ya kuvua si aibu. Yule mama nilimwandikia fomu ya maabara. Kipimo kilirudi asilimia 11, na fizi zake zilikuwa zinatoka damu akipiga mswaki. Tumeanza na hayo mawili. Anarudi kupimwa tena baada ya miezi mitatu, na leso bado anayo.