Gari Linapokohoa: Historia Fupi ya Fundi na Injini Inayomisi

Najua nimekuwa kimya, ila wenzangu mnaosoma ualimu mnaelewa: maandalizi ya somo, zana za kufundishia, halafu majaribio mawili ndani ya wiki moja. Mmezoea nikiandika hapa mambo ya Majimaji na Mkutano wa Berlin, leo tunaingia chini ya boneti. Msikimbie! Hii nayo ni historia, tena historia ambayo ipo hatarini kupotea huku tukiiangalia.

Swali la leo ni hili: watu walijifunzaje kujua injini inaumwa nini? Gari halisemi. Linatetemeka likiwa limesimama taa nyekundu, linakohoa likipanda mlima, linatoa moshi mweusi, basi. Mafundi wetu wanasema "inamisi", maana yake silinda moja au zaidi inaruka zamu yake ya kuwaka. Lakini kwa nini inaruka? Hapo ndipo pesa za watu zinapoteketea.

Tuanze mwanzo kabisa. Karl Benz alipata hati ya ubunifu wa gari lake Ujerumani tarehe 29 Januari 1886. Watu walilitazama kama kichekesho. Agosti 1888 mke wake, Bertha, akawachukua watoto wao wawili wa kiume, Richard na Eugen, akaondoka Mannheim kwenda Pforzheim kwa mama yake, safari ya zaidi ya kilomita 100. Mume hakuagwa. Njiani mafuta yakaisha, akanunua kwenye duka la dawa pale Wiesloch. Bomba la mafuta likaziba, akalizibua kwa pini ya kofia yake. Waya wa umeme ukaanza kusumbua, akaufunika kwa mkanda wa soksi zake.

Vitabu vingi husimulia hadithi hii kama tangazo la biashara ya magari. Mimi naisoma tofauti. Bertha Benz ndiye fundi wa barabarani wa kwanza tunayemjua vizuri! Mashine imegoma, hakuna gereji, hakuna spea, hakuna kitabu. Ilibidi kwanza ajue: ni mafuta, au ni umeme? Akishajua hilo, pini ya kofia inatosha. Asipojua, hata angekuwa na sanduku zima la spana lisingemsaidia.

Na mpaka leo injini ya petroli inadai vitu vilevile. Kwanza, hewa na mafuta kwa kipimo: karibu kilo 14.7 za hewa kwa kilo moja ya petroli. Pili, mgandamizo, yaani silinda iweze kuubana ule mchanganyiko bila kuvuja. Tatu, cheche, tena kwa wakati wake. Kimoja kikikosekana, silinda inaruka. Historia yote ya ufundi wa magari ni historia ya namna ya kutafuta ni kipi kimekosekana.

Upande wa cheche, karibu mwaka 1910 Mmarekani Charles Kettering alileta mfumo wa betri, koili na pointi uliotawala kwa zaidi ya miaka 60. Pointi ni vichuma viwili ndani ya distribyuta, vinafunguka na kufunga, na kila vikifunguka plagi moja inapiga cheche. Hebu piga hesabu. Injini ya silinda nne ikizunguka mara 3,000 kwa dakika inahitaji cheche 6,000 kwa dakika, sawa na 100 kwa sekunde! Nafasi kati ya vichuma vile ni kama nusu milimita au pungufu. Vikiliwa kidogo tu, au kondensa ikichoka, gari linaanza kukohoa.

Kwa hiyo fundi wa zama hizo alikuwa msikilizaji. Anawasha injini, anashika koleo lenye mpini wa mpira, anachomoa waya wa plagi mmoja mmoja. Akichomoa waya na mlio ukabadilika kuwa mbaya zaidi, silinda ile ilikuwa inafanya kazi. Akichomoa na mlio usibadilike... hapo hapo! Huyo ndiye mgonjwa. Kisha anafungua plagi na kuisoma. Rangi ya kahawia hafifu, mambo safi. Masizi meusi makavu, mafuta yanazidi. Nyeupe iliyoungua, hewa imezidi au joto limezidi. Imelowa oili, basi ringi au valvu zinapitisha. Nasema "kuisoma" makusudi, maana ile plagi ni hati ya kihistoria. Imeandikwa na injini yenyewe.

Kwetu Afrika Mashariki elimu hii ilikua na magari fulani. Peugeot 404 ilishinda Safari Rally mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968, na ushindi wa 1966 na 1967 ulikuwa wa Bert Shankland aliyekuwa akiishi hapa Tanzania. Ikaja 504, iliyozinduliwa Ufaransa mwaka 1968, ikashinda Safari mwaka 1975 na 1978. Gari la namna hiyo likawa la ofisa, la daktari, la abiria kwenye barabara za vumbi. Halafu ikafika miaka ya mwisho ya 1970 na ile ya 1980, fedha za kigeni hakuna, spea hakuna. Pointi zilizoliwa hazikutupwa, zilisuguliwa kwa msasa na kurudishwa. Gasketi zilikatwa kwenye karatasi ngumu. Mtu asiyeweza kubadilisha kifaa ovyo analazimika kujua kwanza kama kweli ndicho kibovu. Uhaba ulikuwa mwalimu mkali.

Mfano ninao wa nyumbani. Baba mkubwa ana 504 ya zamani ambayo bado inambebea mizigo ya sokoni, na mizigo hiyo ndiyo ada ya binamu zangu wawili. Ilianza kumisi. Gereji ya kwanza walibadilisha plagi. Wiki ya pili koili. Wiki ya tatu wakasema kabureta nzima imekufa, itafutwe nyingine. Kila safari bili, na gari bado linatetemeka kama lina malaria. Muhula ulikuwa unakaribia, na ada ilikuwa imeshaanza kuliwa na gari.

Ndipo akaitwa mzee mmoja wa mtaani, fundi wa siku nyingi. Nilikuwepo, likizo. Nikamwamkia, akaitika, akakaa kwenye tofali bila kushika hata spana. Akamuuliza baba mkubwa: "Mzee mwenzangu, ilianza lini? Inamisi ikiwa ya baridi au ikishapata moto? Ikiwa imesimama au inapokimbia?" Jibu: inatetemeka ikiwa imesimama, ukikanyaga mafuta inatulia. Mzee akatabasamu. Akaomba oili kidogo, akadondoshea taratibu pale kabureta inapokaa juu ya njia ya kuingizia hewa, injini ikiwa inaunguruma. Mlio ukabadilika, gari likatulia sekunde chache kisha likaanza tena. "Mwanangu," akaniambia, "inavuta hewa ya wizi."

Sababu yake ni rahisi ukielezwa. Injini ikiwa imesimama, mlango wa hewa wa kabureta umefungwa karibu wote, hivyo injini inanyonya kwa nguvu na hewa kidogo inayopenya pembeni inaharibu kipimo. Ukikanyaga mafuta hewa halali inaingia nyingi, ile ya wizi haionekani. Tatizo lilikuwa gasketi iliyopasuka! Ikakatwa nyingine. Koili ya zamani ilikuwa nzima, kabureta ilikuwa nzima.

Sasa wanahistoria wenzangu, si ndicho tunachofundishwa darasani? Lini, wapi, katika mazingira gani, nani ameshuhudia. Usikimbilie hitimisho kabla ya kuhoji chanzo.

Tuendelee. Mambo yakaanza kubadilika taratibu. Mwaka 1967 Volkswagen 1600 za soko la Marekani zilipata mfumo wa Bosch wa kunyunyiza mafuta kwa umeme. Mwaka 1976 Volvo wakaweka kihisi cha kupima oksijeni kwenye moshi. Kuanzia magari ya mwaka 1996, Marekani ikalazimisha kila gari dogo jipya liwe na tundu la kupimia lenye pini 16, na Ulaya ikafuata kwa magari mapya ya petroli mwaka 2001. Gari likaanza kusema lenyewe. Unachomeka kifaa, linakuandikia P0300, maana yake linamisi bila mpangilio, au P0301, silinda namba moja ndiyo inayomisi.

Petroli yenyewe nayo ilibadilika. Madini ya risasi yaliyokuwa yakichanganywa tangu miaka ya 1920 yaliondolewa, na kufikia Januari 2006 nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikuwa zimeacha kuyatumia kwenye magari. Algeria ikawa ya mwisho duniani, mwaka 2021. Afya za watoto zilipona sana kwa hilo. Lakini baadhi ya injini za zamani zilitegemea ile risasi kulinda viti vya valvu. Bila hiyo, vinaweza kuliwa pole pole, mgandamizo unapungua, injini inamisi, na huyo fundi anayebadilisha plagi tu atazibadilisha mpaka uchumi umwishie mteja.

Je, kompyuta imemaliza kazi? Hapana jamani. P0301 inakuambia nani anaumwa, haikuambii anaumwa nini. Inaweza kuwa plagi, koili, nozeli au valvu. Fundi mzuri wa leo anahamisha koili ya silinda ya kwanza kwenda ya pili, anapima tena. Kodi ikihama ikawa P0302, koili ndiyo mbovu. Isipohama, koili haina kosa, anaendelea na kingine. Hiyo ni akili ileile ya kuchomoa waya mmoja mmoja, imevaa nguo mpya tu. Tatizo ni yule anayesoma kodi na kukuambia ukanunue. Huyo ni sawa na mwalimu anayesoma alama za mtihani na kusema mtoto ni mjinga, bila kuuliza kama ametembea kilomita saba bila kula.

Kinachonikosesha usingizi ni hiki. Wale wazee wa pointi na kabureta wanazeeka. Elimu yao ipo masikioni na vidoleni, na sehemu kubwa haijaandikwa, hasa kwa Kiswahili. Tunasafiri na madaftari kwenda kukusanya masimulizi ya watemi, na tunafanya vizuri, lakini tunampita fundi chini ya mwembe kila siku. Naye ni chanzo simulizi!

Kwa hiyo ombi langu kwenu, likizo ijayo tafuta mmoja mtaani kwenu. Mwamkie, kaa naye saa moja, muulize gari gumu kuliko yote alilowahi kulitibu na alijuaje. Andika kwa maneno yake mwenyewe, uyalete hapa tuyaweke pamoja. Mie nimeshaanza na yule mzee wa gasketi, kurasa nane tayari, na bado hatujafika hata kwenye dizeli.

Karibuni kwa maoni. Naomba kuwasilisha.