Maji, Mafuta na Mpango: Funzo la Visima Vilivyozeeka

Watu wengi hudhani kwamba kisima cha mafuta hufa kwa sababu mafuta yamekwisha. Dhana hiyo si sahihi. Mafuta hukaa katika vitundu vidogo vya mwamba, na mara nyingi hutoka kwa sababu gesi iliyomo huyasukuma. Gesi ikipotea, msukumo hupungua na mafuta mengi hubaki chini. Maji yakiingizwa kwa nguvu kupitia visima vingine hushika kazi hiyo, huyasukuma mafuta kuelekea visima vya kutolea.

Historia ya mbinu hii yatufundisha nini? Huko Bradford, Pennsylvania, nchini Marekani, mwaka 1881 yalitolewa mapipa zaidi ya milioni 20, kisha uzalishaji ukaporomoka. Mwamba ulikuwa mmoja lakini wenyewe walikuwa wengi, na kila bepari alivuta upesi kabla ya jirani yake. Tangu mwaka 1880 mwanajiolojia John Carll alikwisha kueleza kwamba maji yaweza kuongeza mafuta. Hata hivyo sheria ilikataza, wenye visima wakafanya kwa siri, hadi iliporuhusiwa mwaka 1921. Mwaka 1937 Bradford ikafikia kilele cha pili. Elimu ilikuwapo kwa miaka 41. Kilichokosekana ni mpango wa pamoja.

Daqing, China, mafuta yaligunduliwa mwaka 1959. Wachina hawakungoja visima vizeeke: walianza kuingiza maji mwaka 1960. Kuanzia 1976 hadi 2002 walipata zaidi ya tani milioni 50 kila mwaka.

Lakini tusijidanganye kwamba mali ikishakuwa ya umma kazi imekwisha. Samotlor, Siberia ya Magharibi, ilikuwa mali ya umma vilevile. Mwaka 1980 ilitoa zaidi ya tani milioni 150. Viongozi walidai malengo ya mwaka yatimizwe kwa vyovyote. Mafuta yakavutwa kwa pupa, maji yakayapita mafuta na kufika visimani kwanza, na katika miaka ya 1980 uzalishaji ukaanguka. Mtaka yote hukosa yote.

Hivyo basi, tunasema umilikaji wa umma ni sharti la mpango, lakini si mpango wenyewe. Mwamba hausikilizi hotuba. Kiongozi anayemnyamazisha fundi ili takwimu za mwaka zipendeze anakopa kwa watoto wake, wala hawakumruhusu.